Nani Anaitikia Upande wa Pili?



Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kidijitali na namna vinavyoweza kumsaidia mwanafunzi asome vizuri na awe na utulivu wa moyo. Kwa kawaida mada hii hukatwa vipande viwili: masomo anapewa mtaalamu wa kompyuta, moyo anaachiwa mwalimu wa malezi. Mimi nitaviweka pamoja, kwa sababu mtoto anayekesha hadi saa nane usiku akihofia kuchekwa na wenzake ndiye huyohuyo anayeshindwa hesabu asubuhi yake. Na ninachokiamini nitakitaja mapema. Kifaa chochote, kiwe redio, kitochi au kishikwambi, humfaa mwanafunzi kwa kadiri kinavyomfikisha kwa mtu mzima anayemjua, anayemsikiliza na anayemjibu. Mtu huyo akikosekana, fedha nyingi hupotea na mtoto hubaki palepale.

Sisi si wageni wa mambo haya. Wazee waliomo humu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliporushwa redioni. Kazi ile ilianza kabla redio haijafunguliwa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza namna ya kuendesha mazungumzo, wakapewa na vijitabu. Kisha kwa wiki kumi na mbili watu karibu milioni mbili wakawa wanakusanyika, wanasikiliza kipindi, wanasomewa kijitabu, wanajadiliana kuhusu malaria, kichocho na kuhara damu, halafu wanaulizana: haya, katika kijiji chetu tunaanza na lipi? Wakitoka pale wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Redio ilileta maarifa, kiongozi wa kikundi akayafikisha hadi kwenye jembe. Zanzibar nayo, miaka mingi baadaye, ilikuwa na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio vya watoto wa elimu ya awali. Sauti ya redioni inauliza swali, inanyamaza, inawaachia watoto waitike kwa kuimba au kuhesabu, na mlezi yupo palepale anawaongoza na kumtazama yule aliyenyamaza kimya kwenye kona.

Nayakumbusha haya kwa sababu kila kifaa kipya kinapoingia nchini tunaanza upya, kana kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kufundisha watu walio mbali.

Mkoa huu wa Tanga una sura yake katika historia ya jambo hili duniani, na inanisikitisha kwamba hatuisimulii vya kutosha. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, vijiji 170 vya mkoa huu vilikuwa uwanja wa majaribio wa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililotengewa dola milioni 15. Serikali yetu ilishirikiana na UNESCO pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kwamba hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi.

Ukisikia habari hii mara ya kwanza, unafurahi, na ni haki yako kufurahi. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi tangu alfajiri, ambaye nyumbani hakuna kitabu, anafungua kioo, anasikia sauti inamwita kwa Kiswahili chake, anaigusa herufi kwa kidole, na baada ya miezi kadhaa anasoma sentensi. Hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini geuza takwimu ileile uitazame upande wake wa pili. Baada ya miezi 15, pamoja na programu bora zilizoshindanishwa dunia nzima, karibu nusu ya wale wasiojua kusoma walikuwa bado hawajui. Hao ndio wanaonishughulisha mimi. Mtoto akikwama kwenye silabi, programu inaweza kumrudisha nyuma, ikamwekea mchezo mwingine, ikamsubiri. Haiwezi kugundua kwamba hasikii vizuri sikio la kushoto, wala kwamba jana hakula, wala kwamba kaka yake amekishika kishikwambi tangu Jumatatu. Na shindano lenyewe, ingawa lilikusudia watoto wajifunze bila mwalimu, halikuwaacha peke yao kabisa: vijijini walikuwapo watu wazima wa kuangalia vituo vya kuchajia na kuwakumbusha watoto. Tukisimulia habari ya Tanga, tuwasimulie na hao.

Programu zile zilitolewa huria, mtu yeyote azichukue bila malipo. Ziko hadi leo, zina Kiswahili ndani yake, na zilijaribiwa na watoto wetu. Nawauliza wakuu wa shule za msingi mliomo humu: ni wangapi kati yenu mmewahi kuzifungua?

Sasa twendeni Botswana, maana huko ndiko nilikopata mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watafiti walichukua kaya zipatazo 4,500 wakazigawa makundi. Kundi moja halikupewa kitu. Kundi la pili likawa linapokea ujumbe mfupi wa simu kila wiki wenye hesabu chache za kufanya. Kundi la tatu lilipokea ujumbe huohuo, pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 20 hivi kila wiki. Simu za kawaida kabisa, za vitufe. Itazameni simu yenyewe inavyokwenda. Mwalimu anapiga, mzazi anapokea. Mwalimu anamwomba mzazi aweke spika ili wote wawili wasikie, amwite mtoto. Kisha anamuuliza mtoto hesabu moja ya ule ujumbe wa wiki, anamsubiri, anamsikiliza akihesabu kwa sauti, anamrekebisha pale alipobeba kumi vibaya, anampa nyingine. Mzazi yuko palepale, anaona mwanawe anavyofikiri. Wiki ijayo mwalimu anapiga tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu, tena kwa kiwango kinachoonekana. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana na wale ambao hawakupata kitu. Hesabu zilikuwa zilezile. Wiki zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu anayemwita mtoto kwa jina lake. Jaribio hilo likarudiwa katika nchi tano, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda, na simu za mwalimu zikaendelea kuushinda ujumbe mfupi kwa mbali. Na kwa wale wanaosema jambo kama hili linawezekana tu kwa watu wa mashirika, katika baadhi ya nchi hizo waliopiga simu walikuwa walimu wa serikali, wakafanya vizuri vilevile.

Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Huwa najiuliza ni watoto wangapi wa kule wangerudi darasani laiti kila mwalimu angepewa muda wa maongezi na orodha ya namba ishirini.

Mfano mwingine uko Kisumu, Kenya. Watafiti wa mradi wa kusoma wa PRIMR walilinganisha njia tatu katika shule za msingi. Katika kundi moja la shule, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Katika kundi la pili, vishikwambi walipewa walimu. Katika kundi la tatu walipewa wakufunzi wanaozunguka shuleni kuwatazama walimu wakifundisha na kuwashauri. Matokeo yalipotoka mwaka 2016 yalionyesha watoto wa makundi yote matatu wamesonga mbele, na tofauti kati ya kundi na kundi ni ndogo. Gharama ndizo zilizoachana sana, kwa kuwa mkufunzi mmoja mwenye kishikwambi kimoja anahudumia shule nyingi. Kwa nchi yenye mfuko kama wetu, sidhani kama kuna somo kubwa kuliko hilo. Anza na mikono ya watu wazima, mkufunzi na mwalimu.

Na Tanzania, bila kelele nyingi, tayari ilikwishaanza hapo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 havikufungiwa ghalani. Viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Wengi wenu mnavyo, vingine naviona hapa mezani. Swali langu ni je, ndani yake mna nini? Je, mna vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania ambavyo vinapatikana katika maktaba yake ya mtandaoni? Je, mna vipindi vya Ubongo Kids, vinavyofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na vilivyoanza kurushwa hapa nchini mwaka 2014? Je, mna masomo ya Shule Direct kwa wanafunzi wa sekondari? Au vimekuwa vya kupokelea maagizo ya wilayani na kujazia takwimu? Simlaumu mwalimu. Bando analinunua kwa mshahara wake, na hakuna aliyekaa naye siku mbili kumwonyesha. Tulikigawa kifaa, mafunzo tukayaahirisha.

Nageukia sasa upande wa moyo, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini.

Karibu kila darasa lina kundi lake la WhatsApp. Ni chombo kizuri. Mzazi aliye Dubai au Mwanza anajua mwanawe kaumwa, anajua ada inadaiwa, anaona tangazo la kikao. Lakini mwisho wa muhula nini hutokea? Mwalimu anapiga picha karatasi ya matokeo, wa kwanza hadi wa sitini na nane, majina kamili na alama, anairusha kundini. Ndani ya dakika tano zinafuata pongezi na vikombe vya dhahabu kwa watatu wa juu. Mtoto wa sitini na nane naye ana mama yake mle ndani. Ana shangazi yake, na jirani yake, ambaye mwanawe atamsubiri barabarani jioni. Zamani karatasi ile ilibandikwa ukutani, ikanyeshewa, ikachanika. Ya siku hizi inahifadhiwa kwenye simu sitini na nane, na mwakani bado ipo. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Baraza limeona busara katika kuacha kuwashindanisha watoto hadharani. Sisi tunaoendesha makundi ya madarasa tunangoja nini? Mtumie kila mzazi ya mwanawe peke yake. Inachukua muda zaidi, ndiyo. Na huo muda ndio malezi.

Kuna na suala la sheria. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na jina la mtoto pamoja na alama zake ni taarifa binafsi. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya zaidi ya milioni nne kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata programu za kujifunzia zenyewe si salama kwa sababu tu zimeandikwa neno elimu. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona, na mwaka 2022 likatangaza kwamba asilimia 89 zilikusanya au kutumia taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha haki zao. Mkuu wa shule anapoletewa programu ya bure, na aulize inapata wapi fedha zake.

Nimesema mengi ya kuonya, kwa hiyo niwapeni habari njema. Kenya kuna taasisi iitwayo Shamiri, aliyoiasisi kijana wa huko, Tom Osborn, pamoja na wenzake. Walijiuliza: nchi ina madaktari wachache mno wa afya ya akili, sasa mwanafunzi wa sekondari mwenye sononi atasaidiwa na nani? Jaribio lao moja lilifanyika kwenye kompyuta za shule. Wanafunzi 103 waligawanywa. Kundi moja lilipata kikao kimoja tu: mwanafunzi anasoma kwamba uwezo wa mtu hukua kwa juhudi na kwa kusaidiwa, anaandika mambo anayoyashukuru maishani mwake, anaandika yale anayoyathamini na namna ya kuyaishi. Kundi la pili lilijifunza mbinu za kujisomea. Baada ya wiki mbili, waliopata kile kikao walikuwa na dalili chache zaidi za sononi. Idadi ile ni ndogo na wiki mbili ni muda mfupi, kwa hiyo nisingemshauri mtu aijengee nchi nzima sera juu yake. Lakini Shamiri hawakuishia hapo. Katika jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, kompyuta iliwekwa kando. Vijana waliomaliza shule karibuni walifundishwa, wakakaa na wanafunzi katika vikundi vidogo, wiki nne. Sononi na wasiwasi vilipungua, na miezi saba baadaye nafuu ilikuwa bado inaonekana. Ndiyo maana nawaheshimu: walikipa kifaa nafasi yake, kisha wakamtafuta mtu.

Na sisi tuna namba 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, bure, bara na Zanzibar, na Kenya pia namba ni hiyohiyo. Haihitaji simu janja wala bando. Anayepokea ni mtu aliyefundishwa kusikiliza, na anaweza kuwaita watu wa ustawi wa jamii pale penye hatari. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa bora cha kidijitali tulichonacho kwa ajili ya utulivu wa watoto. Lakini mwanafunzi wa bweni atakipataje? Sheria za shule zinamkataza simu. Mimi siungi mkono simu mabwenini. Usiku wa mtoto ni wa kulala, na makundi ya kusemana na kupakana matope hustawi zaidi taa zikishazimwa. Ila tukimnyang'anya mtoto simu tumechukua dhamana ya kumpa njia nyingine. Kitochi kimoja katika chumba cha mwalimu wa malezi, chenye namba chache tu, mlango unaofungika, na mtoto asiulizwe anampigia nani. Bei yake haifiki hata robo ya kishikwambi.

Vijana, nanyi najua mnangoja nifike kwenye akili mnemba. Wengi wenu mnaitumia likizo, na baadhi mmeniambia mnazungumza nayo usiku mambo msiyoweza kumwambia mtu. Kwa masomo, iulizeni. Haichoki kuelezea kwa mara ya kumi kwa nini hasi mara hasi ni chanya, na mtu mwenye aibu ya kuuliza darasani anapata pa kuanzia. Ikikuandikia insha yote, imekunyima mazoezi uliyokuja shuleni kuyafanya. Na kuhusu yale ya usiku, nawasihi kwa upendo: mashine hiyo inaweza kukujibu maneno mazuri, lakini haitakuja kukugongea mlango, haitakupeleka hospitali, na kesho haitakutazama usoni ikajua kwamba hukulala. Ukiona unaiambia jambo zito, jambo hilohilo mwambie na mtu. Mwalimu, shangazi, shehe, padri, matroni, au 116.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja ambalo halingoji bajeti. Kabla muhula huu haujafungwa, kila mmoja achague walimu watatu, awape muda wa maongezi, na kila mwalimu apewe wanafunzi kumi waliobaki nyuma kabisa, awapigie mara moja kwa wiki likizo nzima. Dakika ishirini, spika iwe wazi, mzazi awepo. Aanze kwa kumuuliza mtoto habari za nyumbani, kisha hesabu. Namba 116 ibandikwe bwenini na kwenye mlango wa kila darasa. Na karatasi ya matokeo ya muhula huu isiingie kwenye kundi. Tukutane Januari mniambie wale watoto thelathini wa kila shule wamerudi vipi.